Tuta Moja Linakula Nyasi Kiasi Gani?

Mwaka wa kwanza nilipolima mboga nyuma ya nyumba, upande wa Mangamba hapa Mtwara, nilinunua guta moja la nyasi kavu nikalimaliza asubuhi ileile. Matuta manane yote yalifunikwa. Nikasimama pembeni nikaitazama bustani imekuwa rangi moja ya dhahabu, nikaamini kiangazi kimenikuta nimejiandaa. Hazikupita wiki mbili, ndago zikatokeza kila mahali, na mchanga chini ya nyasi ulikuwa mkavu sawa na ule wa njiani.

Bibi mmoja jirani, mzaliwa wa Newala, alikuja kuazima jembe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akainama akagusa nyasi zangu kwa kidole.

"Mjukuu wangu, hapa umefunika au umepitisha?"

"Nimefunika, bibi. Guta zima limeisha."

"Guta si kitu. Kidole changu kinauona mchanga. Funika tuta moja lishibe, mengine yasubiri."

Yule bibi amekulia juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja, mito hakuna, na vizazi vimeteremka mabondeni kuyafuata maji kwa miguu. Mtu wa namna hiyo anajua thamani ya tone linalobaki ardhini. Nilikaa na maneno yake nikayapigia hesabu, na hesabu ikampa haki. Guta lile lilikuwa na urefu wa mita 1.8, upana mita 1.2, na nyasi zilipangwa hadi kimo cha sentimita 80. Zidisha: mita za ujazo 1.7 na kidogo, yaani lita kama 1,730. Matuta yangu manane, kila moja mita 1 kwa mita 6, yana jumla ya mita za mraba 48. Gawanya lita kwa mita za mraba, unapata lita 36 kwa kila mita. Huo ni unene wa sentimita 3.6 siku ya kutandaza, na nyasi zikishalala unabaki na sentimita 1.8. Upana wa kidole kimoja. Nilikuwa nimelipia nyasi za kutosha matuta mawili, nikazigawa kwa manane, na yote manane yakakosa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunaanzia kwenye rundo tulilonalo kisha tunalitawanya mpaka liishe. Hesabu ya matandazo, yaani nyasi au majani ya kufunikia udongo, inaanzia kwenye unene utakaobaki baada ya nyasi kulala, halafu inarudi nyuma mpaka kwenye gunia.

Kwa nini unene uwe na uzito wote huo? Jua la saa saba mchana likipiga mchanga mtupu wa pwani, maji yaliyo karibu na uso wa ardhi hupanda na kupotea hewani, na upepo wa kusi unayachukua upesi zaidi. Matandazo hufanya kazi kwa kuweka tabaka la hewa tulivu kati ya jua na udongo. Tabaka likiwa na matundu, hewa hiyo haitulii. Mbegu za magugu nazo, nyingi ni ndogo na huhitaji mwanga ili kuota. Ukizinyima mwanga zinalala, ukiziachia mianya zinaipata. Ndiyo maana sentimita mbili za nyasi hazitoi robo ya faida ya sentimita nane. Kwa maoni yangu hazitoi faida yoyote inayostahili jasho la kuzibeba. Ndago niitaje mbali: ina kiazi chini na ncha kali kama sindano, hata matandazo mazito inayapenya. Hiyo ing'olewe na viazi vyake kabla hujatandaza chochote.

Kupima unene hakuhitaji rula. Wazee wa pwani walikuwa na kipimo kinachoitwa wanda, yaani upana wa kidole kimoja. Vidole vinne vya mtu mzima vikibanwa pamoja, bila gumba, ni kati ya sentimita 7 na 8. Pima vyako mara moja tu kwenye rula ya mtoto wa shule, ukumbuke, basi. Ukienda bustanini unapenua nyasi kidogo, unasimamisha kiganja kwa ubavu juu ya udongo, kidole kidogo kikiwa chini. Kama nyasi zimefika usawa wa kidole cha shahada, umefika.

Vidole vinne ni kipimo cha nyasi kavu na mabua laini ya mpunga, vikiwa vimeshalala. Kitu kingine kina kipimo chake, na sababu ni ukubwa wa vipande. Vipande vidogo hulala vikibanana, vikubwa huacha uwazi katikati. Pumba ngumu za mpunga, zile zinazorundikwa nje ya mashine za kukoboa, sentimita 3 zinatosha kabisa kuziba mwanga. Ukiweka sentimita 8 za pumba unazuia hewa, na mvua kubwa ya kwanza inazisomba zote mpaka kwa jirani. Maranda ya fundi seremala yako hapohapo, sentimita 3 hadi 5, ila muulize fundi kwanza kama mbao zilipakwa dawa. Majani ya mkorosho yawe sentimita 5, nitayarudia. Makumbi ya nazi hayahesabiwi kwa sentimita, unapanga tabaka moja yakigusana, na chini yake unatanguliza kitu laini maana mianya yake ni mikubwa.

Udongo nao una neno. Hapa mjini, Mikindani na ukanda wote wa mchanga, mimi nasimama kwenye vidole vinne kamili, wakati mwingine vitano. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama ule wa mabondeni kando ya mto Lukuledi upande wa Lindi, vidole vitatu vinafaa, na wakati wa masika punguza zaidi. Mfinyanzi unashika maji wenyewe. Ukiufunika sana mizizi inakosa hewa na shina linaanza kuoza kwenye shingo.

Sasa eneo. Tuta la bapa halina ugumu, urefu mara upana. Lakini matuta mengi tunayoyalima yameinuka, na hapo watu hupima upana wa chini wakasahau kwamba nyasi zitapanda ubavu mmoja na kushuka ubavu wa pili. Chukua kamba, ilaze juu ya tuta kutoka mfereji mmoja hadi mfereji wa pili, ifuate mgongo wa tuta bila kuivuta. Kisha inyooshe chini uipime. Tuta langu la upana wa mita 1 lililoinuka sentimita 25 lilinipa kamba ya mita 1.35. Kwa urefu wa mita 6 hiyo ni mita za mraba 8.1 badala ya 6. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme nyasi zimeibwa.

Kiangazi mimi siinui matuta tena. Kwenye mchanga wetu tuta la kuinuka linakauka pande tatu. Nachimba jaruba, udongo wa juu nausogeza kandokando uwe kingo, mboga zinakaa chini kidogo ya usawa wa njia. Maji yanatulia, nyasi hazipeperushwi na kusi, na eneo la kufunika linarudi kuwa lilelile la urefu mara upana. Kwa hiyo mifano iliyobaki nitaitolea kwenye jaruba la mita 1 kwa 6.

Mashimo ya miche nayo tuyatoe? Nyanya zikipandwa sentimita 60 kwa 45, kila mita ya mraba inabeba miche kama mitatu hadi minne. Kila shina uliachie duara la sentimita 5 kila upande lisiguswe na nyasi. Maduara hayo yote yakijumlishwa hayafiki hata asilimia 4 ya eneo. Yaachwe kwa ajili ya afya ya shina, lakini kwenye hesabu yasikupotezee muda.

Ukishakuwa na eneo na unene, kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye bustani aishike kichwani: sentimita moja ya unene juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani nusu ya ndoo kubwa. Haijalishi ni nyasi, pumba, samadi au maji. Mita moja kwa mita moja kwa sehemu ya mia ya mita, ni sehemu ya mia ya mita ya ujazo, na mita ya ujazo ina lita 1,000. Ndoo kubwa ya plastiki ni lita 20, na debe nalihesabu hivyohivyo. Gunia la madebe sita, bila lumbesa, yaani bila kujazwa kupita kiasi, ni lita 120.

Jaruba letu lina mita za mraba 6. Tunataka sentimita 7 zilizolala. Sita mara saba mara kumi: lita 420. Hizo ni ndoo 21, au magunia matatu na nusu.

Subiri kwanza, usiende kununua. Lita hizo 420 ni za nyasi ambazo zimeshalala. Nyasi unazozikusanya leo zimejaa hewa, na hewa hiyo itatoka. Kiasi gani? Hapa usimwamini mtu, hata mimi, maana nyasi za Nachingwea si za Msijute, na zilizokatwa Mei si zile za Agosti. Fanya jaribio dogo, linachukua wiki moja. Mimi nilipigilia vijiti vinne, nikazungushia kamba, nikapata mraba wa mita moja kwa moja. Ndani nikamimina ndoo 7 za nyasi kavu, nikizijaza bila kushindilia. Lita 140, unene sentimita 14. Nikazimwagia ndoo moja ya maji polepole, nikaziacha na upepo na umande na kuku wa jirani. Siku ya saba nikasimamisha kiganja: vidole vinne. Rula ikasema 7. Zilikuwa zimelala hadi nusu.

Kwa nyasi zangu, basi, kizidishi ni 2. Lita 420 zilizolala zinataka lita 840 za kulegea, magunia saba. Nyasi mbichi hunywea zaidi, jaribu uone, mara nyingi utabaki na theluthi, kwa hiyo kizidishi ni 3. Pumba za mpunga karibu hazilali kabisa. Ukihitaji lita 180 kwa jaruba letu, yaani sita mara tatu mara kumi, nunua magunia mawili, utapata na akiba ya kuzibia pembe.

Lumbesa inaingia hapa, na kwa mara moja inaweza kumsaidia mkulima. Ukiingia ndani ya gunia ukashindilia nyasi kwa miguu, tabaka kwa tabaka, mpaka haziingii tena, hewa inayotoka ni karibu ileile ambayo ingetoka bustanini kwa wiki nzima. Kwangu gunia lililoshindiliwa hivyo nalihesabu kama nyasi zilizokwisha kulala, sizidishi kwa mbili tena. Magunia matatu na nusu ya kushindilia yanafanya kazi ya magunia saba ya kulegea. Ukinunua kwa mtu, uliza: limeshindiliwa au limejazwa tu? Magunia mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kutofautiana maradufu kwa kilichomo. Ukikuta bei moja, beba lililoshindiliwa. Ukinunua kwa guta au mkokoteni, pima kwa mita: urefu, upana, kimo. Zidisha zote tatu kisha zidisha kwa 1,000, umepata lita za kulegea. Toroli la fundi ujenzi, likijazwa usawa wa kingo, linaingia ndoo tatu hivi, lakini jaza lako kwa ndoo ulihesabu mara moja, matoroli hayafanani.

Nimesema nitarudi kwenye majani ya mkorosho, maana ndiyo tuliyonayo kwa wingi kuliko wengine wote nchini. Kuanzia kipupwe watu husafisha chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane, na majani hufagiliwa yakachomwa. Kila nikiona moshi ule roho inaniuma. Jani la mkorosho ni gumu, linachelewa kuoza, linadumu bustanini muda mrefu kuliko nyasi. Tatizo lake ni ubapa. Majani mazima hulaliana kama sahani, maji ya kumwagilia yanateleza juu yake yakaenda pembeni, na chini unakuta mchanga haujaguswa. Nilipofunua mara ya kwanza nilikuta jani la juu limebeba maji kama kijiko na la chini yake limekauka. Yavunjwe. Yatandaze juani mpaka yakauke, yakanyage au yapige kwa fimbo yakiwa ndani ya gunia, mpaka vipande viwe kama nusu ya kiganja. Yakivunjika, gunia moja la majani mazima hushuka hadi karibu nusu, na sentimita 5 zake zinakaa vizuri. Kwa jaruba letu ni lita 300, magunia mawili na nusu ya majani yaliyokwisha kuvunjwa.

Kuna tahadhari mbili za korosho. Mikorosho ikianza kutoa maua wakulima hupuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule hutua kwenye majani na ardhini. Salfa ikizidi huongeza tindikali kwenye udongo, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuihimili. Kusanya majani kabla ya msimu wa kupuliza, au yale yaliyooshwa na mvua. Ya pili, maganda ya korosho yenyewe, yanayobaki baada ya kubangua, yasiingie bustanini. Mafuta yake yanababua ngozi. Kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua.

Nyasi zina mtego wake pia: mbegu. Zikatwe kabla hazijakomaza mbegu, mwezi Aprili na Mei, wakati ziko ndefu na moto haujafika. Ukingoja Septemba utakuta maeneo mengi yameshaungua, na zilizobaki ndizo zilizojaa mbegu. Utakuwa unapanda magugu kwa mkono wako mwenyewe. Na usichukue nyasi kando ya shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu, kwa sababu nyanya haitaulizwa kama ni gugu au si gugu. Mabua ya ufuta ni magumu mno yakiwa mazima. Nayakatakata kwa panga na kuyaweka juu ya nyasi, na kazi yake kubwa ni kuzikandamiza ili kusi isizipeperushe. Anayekaa karibu na bahari atumie kuti bichi moja kwa kila mita mbili, linatosha.

Wakati wa kutandaza una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Matandazo hayaleti maji, yanatunza yaliyopo. Ukiufunika mchanga mkavu, umetunza ukavu. Mwagilia kwanza, kisha chimba kwa kidole au kijiti uone: unyevu uwe umeshuka angalau shubiri moja. Ndipo ufunike. Bora zaidi ni mwishoni mwa masika, ardhi ikiwa bado imeshiba mvua ya Mungu.

Kitalu cha miche na mboga za kumwaga mbegu, kama mchicha, zina utaratibu tofauti. Kitalu hufunikwa nyasi chache baada ya kusia, na mbegu zikianza kuchomoza nyasi zinaondolewa siku hiyohiyo, jioni, jua likiwa limepoa. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kama nyuzi na inaanguka. Mchicha subiri ufike shubiri moja, halafu nyunyiza pumba za mpunga katikati, sentimita 1 au 2. Kwa jaruba letu hilo ni gunia moja tu.

Miti ni duara, na watu huogopa duara bila sababu. Tuseme mpapai. Unataka kuufunikia hadi sentimita 60 kutoka kwenye shina, lakini sentimita 15 za karibu na shina ziachwe wazi. Sitini kwa mita ni 0.6. Zidisha 0.6 kwa 0.6, kisha kwa 3.14: mita za mraba 1.13. Shimo la katikati, 0.15 mara 0.15 mara 3.14, ni 0.07. Toa, unabaki na 1.06. Kwa sentimita 8, ni lita 85 zilizolala, ambazo ni robo tatu ya gunia la kushindilia. Mipapai minne, magunia matatu. Nyasi zikirundikwa mpaka zikagusa gome, shina linabaki limelowa usiku na mchana, linaoza, na mchwa wanapata daraja la kupandia. Kwenye mkorosho mchanga ulioko shambani kuna hatari kubwa zaidi, moto. Kiangazi moto wa porini ukipita, duara lile la nyasi kavu ni kuni ulizomwekea mti wako miguuni. Palilia ukanda mtupu kuzunguka, hatua mbili au tatu, au usitandaze kabisa mahali ambapo moto hupita kila mwaka.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja wa Mtama kama anaweza kufunika ekari nzima ya nyanya. Tulipiga hesabu pamoja. Ekari ni mita za mraba 4,000 na ushee. Kwa sentimita 7 ni lita 280,000. Magunia ya kushindilia zaidi ya 2,300. Tukanyamaza kidogo. Halafu tukahesabu upya kwa mistari tu, ukanda wa sentimita 40 kwenye kila mstari, na mistari ikiwa mita moja kutoka mmoja hadi mwingine. Ikashuka hadi magunia 930 hivi. Bado ni mzigo wa kutisha. Akaamua kufunika robo ekari iliyo karibu na kisima, kwa mistari, magunia 230, na nyasi akaanza kuzikata mwezi Aprili yeye na wadogo zake. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili, na usingepatikana bila namba.

Matandazo huliwa. Jua, vijidudu vya udongoni na hasa mchwa wanayapunguza kila siku. Watu wengi humchukia mchwa wakiona nyasi zinatoweka, lakini anachokula zaidi ni kile kilichokufa na kukauka. Ukiwa umeacha nafasi kuzunguka shina, mwache ale, anachoshusha chini ni chakula cha udongo. Wewe hesabu tu anachokula. Nimechomeka kijiti kila jaruba, nimekikata alama kwa kisu: 7, 4, 2. Kwangu, kutoka Juni mwanzoni hadi Agosti mwanzoni, nyasi hushuka kutoka alama ya 7 hadi ya 4. Naongeza sentimita 3, lita 180, gunia moja na nusu la kushindilia. Narudia tena mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo jaruba moja kwa kiangazi kizima halili magunia matatu na nusu. Linakula sita na nusu. Ukiwa na majaruba manne, tafuta 26, na magunia 12 kati ya hayo yahifadhi mahali pakavu mapema, maana Agosti hutayapata.

Kama magunia hayo huna, rudi kwenye ushauri wa bibi. Mwaka huu nimefunika majaruba matatu kati ya manane: mawili ya nyanya na moja la bilinganya. Matano yaliyobaki nimepanda kunde na matembele, mimea ambayo majani yake hutambaa na kuifunika ardhi yenyewe bila gunia hata moja.

Jambo la mwisho ni mvua za kwanza, Novemba au Desemba. Mvua pia inafuata kanuni ya lita: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Manyunyu ya milimita 3 ni lita 3, na nyasi kavu za vidole vinne zinaweza kuzinywa zote, udongo usione tone. Hali ni hiyohiyo ukimwagilia kidogokidogo kwa juu: unazinywesha nyasi. Mwaga maji kwenye duara la shina, au pitisha mkono utenge nyasi kwanza. Mawingu ya kaskazi yakianza kujikusanya, mimi huzisogeza nyasi kutoka kwenye mistari na kuzirundika njiani, ardhi ipokee mvua ya mwanzo ikiwa wazi, kisha nazirudisha mvua ikishaingia vizuri. Chini kabisa utakuta tabaka jeusi, laini, linalonukia kama msitu baada ya mvua. Hilo lisihesabiwe tena kwenye vidole vinne. Lichanganye na mchanga kwa jembe kabla ya kupanda. Nyasi kavu za juu zisizooza zisichimbiwe ardhini pamoja nalo, kwa sababu zikizikwa huanza kuoza kwa kunyang'anya naitrojeni ya udongo na mboga zinapauka kuwa njano. Ziweke pembeni, ndizo mtaji wa kwanza wa kijiti chako mwaka unaofuata.